Tabo ndogo TD04 au VF ya STI kwa Forester ya kuzungukia Tanga?

Jamani hili swali haliishi kijiweni. Tabo ni turbo, ile inayosukuma hewa zaidi kwenye injini, na hapa naongelea Subaru Forester; VF ni ile kubwa inayotoka kwenye Subaru STI, zile za mbio. Mimi naona hivi: TD04 ni ndogo, feni yake ya ndani nyepesi, injini ikifika mizunguko 2500 hivi kwa dakika ishaanza kuvuta, so kwa foleni za Barabara ya Kumi na Mbili na matuta ya mtaani unakanyaga kidogo tu gari inaitika. Shida yake kwenye mizunguko ya juu inaishiwa pumzi, ukitaka kuvuka nguvu za farasi 270 hivi utaipasha moto bure.

VF inachelewa kuamka, mpaka upite mizunguko 3000 na kitu, ila ikiamka kule barabara kuu ya Segera utashika usukani kwa mikono miwili. Bei sasa, VF yenyewe sio tatizo, tatizo ni inavyokuja na ndugu zake: nozo kubwa (za kupulizia mafuta), pampu ya mafuta, intakula (ya kupoza hewa ya tabo), na kutyuni kontrol boksi (kompyuta ya injini), usipofanya hivyo injini inakosa mafuta na pistoni zinapasuka. TD04 unafunga unaondoka.

Matunzo ni yale yale, oili safi, na ukitoka mwendo mkali usizime ghafla.

Kama gari ni ya kazini na sokoni chukua ndogo, kama wikiendi unapandisha Lushoto na hela ya fundi ipo, haya VF.