Kugawana mto wa mpakani: kiasi maalumu au kwa uwiano?

Mkataba wa Nile wa 1959 ulitaja kiasi: Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, Sudan bilioni 18.5. Hesabu ilianzia wastani wa bilioni 84, zikatolewa bilioni 10 zinazopotea kwa mvuke. Uzuri wake ni kwamba mpangaji wa umwagiliaji anajua atakachopata. Ubaya unajitokeza mwaka wa ukame, kwa sababu mto haufuati wastani. Isitoshe, Ethiopia, chanzo cha sehemu kubwa ya maji hayo, haikuhusishwa, na hilo kwangu ndilo kosa zito zaidi.

Mkataba wa Ganges wa 1996 kati ya India na Bangladesh unafuata mtiririko. Kuanzia Januari hadi Mei, maji hupimwa Farakka, kwenye lambo la India karibu na mpaka, na kugawanywa kila siku kumi. Yakiwa futi za ujazo 70,000 kwa sekunde au pungufu, kanuni ya msingi ni nusu kwa nusu. Yakishuka chini ya 50,000, serikali hizo mbili hushauriana bila kuchelewa.

Uwiano hugawa uhaba kwa haki zaidi, ila unadai vipimo vya kuaminika. Mafuriko yakichimba sakafu ya mto, usawa uleule wa maji kwenye kipimio hupitisha maji mengi zaidi, na jedwali la zamani la kugeuza usawa huo kuwa kiasi cha maji litadanganya. Kwa hiyo mafundi wa pande zote mbili wapime kasi na kina upya, pamoja, kila baada ya mafuriko makubwa.

Kwa mto unaobadilika sana, ningechagua uwiano.