Hati ya kimila kwa shamba la mikorosho: inafaa, ila anza na cheti cha kijiji

Huduma ya hati za hakimiliki ya kimila (hati za kumiliki shamba ndani ya ardhi ya kijiji) katika vijiji vya Mtwara na Lindi, Tanzania, tunaipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano inakosekana kwa sababu mtu anaweza kupimiwa shamba zima kabla hajajua kama ardhi yenyewe ni ya kijiji, na kesi ikifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, hilo ndilo swali litakaloamua mengine.

Kwa hiyo usilipe chochote kabla mtendaji wa kijiji hajakuonesha cheti cha ardhi ya kijiji, yaani kinachoonesha kuwa ardhi ni ya kijiji, ramani ya mipaka na mpango wa matumizi ya ardhi. Cheti kisipokuwepo, bado kuna pa kusimamia. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kinatambua pia mipaka iliyokubaliwa na vijiji jirani, na ardhi isiyo ya hifadhi ambayo wanakijiji waliitumia kwa miaka 12 kabla ya sheria hiyo, hata kama ilikuwa imelazwa, yaani imepumzishwa bila kulimwa. Mkulima wa ufuta wa Lindi mwenye shamba lililolazwa akishike sana kifungu hicho, maana Sheria ya Ardhi ya mwaka huohuo inaihesabu ardhi ya kijiji isiyotumika kuwa ardhi ya jumla, yaani isiyo ya kijiji wala ya hifadhi. Ushahidi wa matumizi basi ni kila kitu: mikorosho mikongwe, makaburi, njia za kwenda mashambani, wazee wanaojua nani alilima wapi. Mwenye shamba alilogawiwa wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijijini, asome kifungu cha 15. Kinathibitisha ugawaji wa kati ya 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977, na mwenye mahame ya zamani hawezi kurudi kumtoa hivihivi.

Upimaji wenyewe ni mwepesi, majirani wote wakiwepo. Maelezo kama “ekari tano, mpaka mwembe” yanaangusha madai, kwa sababu mwembe hukatwa. Dai vipimo vya GPS na majina ya majirani wa pande zote nne. Hati kamili ina sahihi za mwenyekiti, mtendaji na afisa ardhi wa wilaya, na sahihi yako mwenyewe chini ya kila ukurasa.

Kama shamba ulilinunua, ambatanisha muhtasari wa halmashauri ya kijiji ulioidhinisha mauzo. Mhuri wa mtendaji peke yake hautoshi.