Basi limelala upande, gereji inaniambia nihamishe fenicha kwanza

Wamenitumia meseji eti niwape nyota. Sawa, nawapa. Moja. Na hiyo moja ina mwenyewe, nitamfikia huko chini.

Sitaki kuanza mbali. Mi naishi kwenye basi, basi la abiria la zamani lililong'olewa viti likawekwa kitanda, jiko, choo, tenki la maji na betri za sola, nililinunua likiwa limeshageuzwa nyumba na aliyeligeuza simpati tena hata kwa simu. Injini na mwaka havina kazi hapa. Cha kujua ni kwamba halikalii springi za vyuma, linabebwa na mabaluni ya upepo, yale ya raba yanayokaa kati ya ekseli na chesesi, yani ile fremu ya chuma iliyobeba bodi, na upepo wake unatoka kwenye kompresa ileile inayolisha breki.

Sasa likaanza kulala. Upande wa kulia, nyuma. Mwanzoni ilikuwa asubuhi tu, ukiwasha ukasubiri upepo ujae linanyanyuka, afu ikafika mahali likinyanyuka linabaki limepinda vilevile. Mtu mwenye basi la kawaida angeendesha hivyo hivyo miezi, ila ukiwa unaishi humo ndani utajua. Maji kwenye sinki hayashuki yote, mlango wa kabati unajifungua wenyewe, ukilala unaamka umebanwa ukutani, na ile friji ya gesi ndo kabisa, zile zinataka zikae sawa ndo zipoze, likiinama sana inagoma na chakula kinaharibika. Barabarani kwenye kona ndo usiseme, linayumba mpaka unapunguza spidi watu nyuma wanapiga honi.

Nikaanza kutafuta gereji. Jamani. Gereji za gari ndogo ukiwapigia wakisikia basi wanakata maneno, na hao siwalaumu, zile lifti zao nyingi zinanyanyua tani nne au tano na basi kubwa linavuka kumi bila shida, mtu asije akaua watu kwa ajili yangu. Wale wa nyumba za magurudumu nao wakasema wao wanashughulika na jiko, maji na umeme, chini ya sakafu hawagusi. Wa malori wakaniambia leta, nimefika mlinzi geti kaangalia mapazia akaenda kuuliza akarudi na jibu kwamba hawana nafasi. Nafasi ilikuwepo! Naiona kwa macho yangu! Yani kwa mafundi wa basi we ni nyumba, kwa mafundi wa nyumba we ni basi, na wewe uko katikati umelala upande.

Mwishoni nikapata hii ninayoiandikia. Gereji kubwa ya mabasi, ina shimo refu, ina spea, kwenye simu dada mmoja ana adabu kabisa akaniambia njoo. Nimefika, akatoka msimamizi.

Huyu baba hakuinama. Naomba mlishike hilo. Basi limelala upande mtu yeyote anaona toka getini, na yeye kalizunguka mikono mfukoni, kachungulia dirishani, kaona kitanda, akaita wenzake waje waone, afu akaniambia mbele ya watu wote, "Bosi, hapa umetuletea nyumba. Hamisha fenicha kwanza ndo tuongee."

Wakacheka. Na mi nikacheka kidogo kwa aibu, unajua unavyocheka hujui ufanyeje.

Nikamuuliza, fenicha na mabaluni vinahusiana nini? Mabaluni yako chini, yanafikiwa kutoka chini, hamna mtu anapita chumbani kwangu kwenda kwenye ekseli. Ningeelewa angesema ni kazi ya injini au gia, kwa sababu mabasi mengi yana vifuniko kwenye sakafu vya kufikia mashine na watu wakigeuza nyumba wanavipigia mbao juu, hapo fundi ana haki ya kulalamika. Ila suspensheni? Akanijibu "mi ndo fundi hapa au wewe?" Hilo ndo jibu la mtu ambaye hana jibu.

Afu bila kuinama, bila futi, bila chochote, akatangaza ugonjwa. Shokapu zote nne za nyuma zibadilishwe na mabaluni ya nyuma yabadilishwe, "yamezeeka haya". Kayaona wapi? Nikamwambia mzee wangu, naomba basi hata mtu akague kwanza. Akasema kama sitaki nilitoe, kuna magari mengine yanasubiri. Na kulitoa niende nalo wapi, gereji zote nimeshazimaliza na limelala kiasi kwamba kulirudisha barabarani ni hatari. Basi likaingia shimoni.

Hapa nieleze kitu manake naona watu wengi wanapigwa hapahapa. Shokapu haibebi basi. Kazi yake ni kutuliza mdundo, ukipita shimo gari lisiendelee kudunda dunda. Ukibadilisha shokapu mia moja basi lililolala litabaki limelala. Kinachobeba ni baluni, na kinachoamua baluni liwe na upepo kiasi gani ni kavalvu kadogo kalikofungwa kwenye chesesi, kana mkono, na mkono umeunganishwa na kijiti kinachoshuka mpaka kwenye ekseli. Basi likishuka mkono unapanda, valvu inafungua upepo unaingia. Likipanda kupita kiasi, valvu inatoa upepo. Ndo maana yake, basi linajipima lenyewe. Mabasi mengi yana valvu tatu, moja kwenye ekseli moja na mbili kwenye ekseli nyingine, hizo mbili kila moja na upande wake. Kwahiyo likilala upande mmoja, mtu wa kwanza wa kuulizwa ni valvu ya upande huo na kijiti chake, afu uvujaji, afu ndo uje kwenye mabaluni. Msimamizi wa gereji ya mabasi hajui hili? Anajua. Hakutaka tu.

Wakafunga spea mpya. Likashuka chini. Limelala.

Limelala vilevile!! Nimesimama pale namwangalia, ananiangalia, akasema, na haya ni maneno yake, "mabaluni mapya haya, yataka kuzoea kwanza." Kuzoea. Raba inazoea. Nikamwambia liache lizoee likiwa humuhumu ndani maana mi silipi hela litoke limepinda. Akaingia ofisini akafunga mlango.

Sasa hapo ndo akaja mwenye nyota yake. Kijana mdogo tu, kimya, muda wote alikuwa anafagia na kupokezana spana. Akanisogelea akaniuliza swali ambalo hakuna binadamu aliyeniuliza toka naanza kuhangaika, "Mzee, maji na betri viko upande gani?" Upande wa kulia vyote. Yule aliyeligeuza aliweka tenki la lita 400 na betri zote kulia, na maji lita moja ni kilo moja, kwahiyo tenki likijaa ni kilo 400 peke yake bado betri. Kijana akasema abiria wanakaa pande zote, nyumba haikai hivyo, na upande uliozidiwa valvu inajaza upepo zaidi ili basi lisimame sawa, kwahiyo baluni la upande huo linafanya kazi kwa presha kubwa siku zote na linachoka mapema kuliko mwenzake. Akanishauri nikalipitishe kwenye mizani inayopima kila upande peke yake. Niliyasikia kwa mara ya kwanza, tena kwa mtu mwenye ufagio mkononi.

Akachukua futi. Kabla hajaingia chini akaburuta stendi za chuma akaziweka chini ya chesesi pande zote, akatikisa akaona zimekaa. Naandika hili kwa makusudi kwa sababu wale wenzake waliingia na jeki tupu, na gari la mabaluni siyo la kuchezea, baluni likipasuka au bomba la upepo likichomoka lile basi linashuka kwa mara moja na aliye chini hana muda wa kutoka. Kama una basi la namna hii usiruhusu mtu aingie chini bila stendi kwenye chesesi, hata akuone mjuaji, hata akasirike. Nilitaka kumpigia mtu simu siku ile, sijui nani, mtu yeyote.

Akapima kutoka kwenye ekseli hadi chesesi, kushoto na kulia, tofauti ikaonekana hata kwa macho. Akapulizia maji ya sabuni kwenye maungio, hamna povu. Akafika kwenye valvu ya kulia, akanionyesha kwa tochi. Kile kijiti kimepinda na karaba kake ka kuungia kamechanika, kwahiyo mkono wa valvu unaamini basi liko juu wakati liko chini. Upepo hauingii. Kila kitu kingine kizima, valvu inafanya inavyoambiwa, tatizo inadanganywa. Akachukua kijiti kingine kwenye spea, akafunga, akarekebisha urefu, akawasha injini.

Likanyanyuka. Taratibu, kulia likapanda, likasimama. Nilitamani kumkumbatia ila ana mafuta.

Msimamizi akatoka ofisini kwa kasi. Unadhani alisema hongera? "Nani kakutuma?" Kwa sauti, mbele yangu, mbele ya wateja. Kijana akainamisha kichwa akaokota ufagio. Nikasema nimemtuma mimi, akaniambia wafanyakazi wake hawatumwi na wateja. Sawa baba. Kwenye bili nikakuta sasa, shokapu nne, mabaluni mawili, ufundi wa kwanza, na chini kabisa "marekebisho ya valvu ya kusawazisha" na ufundi wake juu. Yani kile alichomgombezea mwenzake ndo amenitoza.

Ngoja niwe mkweli lakini, manake nimetulia kidogo. Mabaluni ya zamani nimeomba nikapewa, na lile la kulia kweli lina nyufa pale raba inapojikunja, ukilibonyeza zinafunguka. Lingepasuka siku moja. Kwahiyo mabaluni hayakuwa wizi, alibahatisha akapatia, na ufundi wa kuyafunga siyo mbaya, hamna mvujo hata tone, nimelala usiku mzima asubuhi basi liko palepale lilipokuwa. Na ni gereji pekee iliyokubali kulipokea. Nilikuwa nafikiria hadi nyota tatu.

Afu nikaangalia shokapu za zamani. Kavu! Hamna mafuta yanayovuja, raba zake nzima, ukizivuta zinarudi kwa ugumu uleule kama zile mpya. Nne! Zote nne zilikuwa nzima na nimelipia mpya nne. Nimempigia simu nikamwambia, akasema "ni kwa usalama wako bosi". Usalama wangu wakati watu wako wanaingia chini ya basi na jeki tupu? Usalama upi huo? Hapana. Nyota zimerudi moja. Na ile moja siyo ya gereji.

Wanaouliza kama waende, mi sijui niseme nini. Ukienda usianze kueleza kwamba ni nyumba, sema basi la mabaluni limelala nyuma kulia, basi. Waulize kwenye simu kama wanapima kimo kwa futi kabla ya kufungua kitu, wakikuuliza "kimo gani" kata simu. Waambie mapema uzito mkubwa uko upande gani. Na kama una basi la springi za vyuma, kama yale ya shule, mambo ni tofauti, hapo cheki jani la springi lililokatika, bushi za maungio, na zile yubolti, yani bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zikishafunguliwa zidai mpya, zisirudishwe za zamani maana zinakuwa zimeshavutika. Jina la yule kijana siliandiki, msiniulize, yule msimamizi anaweza akayasoma haya akamfukuza.

Tenki nalihamishia kushoto nikipata fundi wa mabomba, hilo ni shughuli nyingine. Ila kijana aliniambia nikishatembea kidogo nirudishe basi bolti za chini zikaguliwe zikazwe tena, na kwingine kote wananifukuza getini, kwahiyo nitarudi palepale, na dada wa simu ameshaniambia msimamizi huwa anatoka saa ngapi kwenda kula.