Gitaa la Stili la Pedali la Miaka ya 1970: Nilidhani Limechoka, Kumbe Chafu

Kabla sijasalimia, sikilizeni hii. Huo ni uzi wa 5, noti ya B. Nakanyaga pedali ya kwanza, unapanda mpaka C shapu. Naachia. Mmesikia? Umerudi, lakini haujafika. Umebaki juu kidogo, kama mlango uliosukumwa usijibane. Sasa ukiwa na nyuzi 10 na tatu kati yake zinakufanyia hivyo kila ukikanyaga, huwezi kupiga wimbo mmoja ukauheshimu.

Hivyo ndivyo lilivyokuwa gitaa hili siku niliyoletewa. Hiyo sauti niliirekodi kabla sijagusa hata nati moja. Haya, habari zenu wadau, karibuni.

Kwa mgeni wa chombo hiki: hili ni gitaa linalolala kama meza juu ya miguu minne. Hubonyezi uzi kwa vidole. Unateleza juu yake kwa kichuma kizito cha duara, na hizi freti mnazoziona ni mistari iliyochorwa tu. Chini kuna pedali za miguu, na nyenzo zinazosukumwa kwa magoti, na kila moja inapandisha au kushusha nyuzi fulani wakati unaendelea kupiga. Ule mlio wa kulia unaousikia kwenye nyimbo za kantri za Nashville ndio huu. Na msidhani ni wa kantri peke yake, mwanamuziki King Sunny Adé wa Nigeria aliuweka kwenye muziki wake wa juju, na Demola Adepoju ndiye aliyekuwa akiupiga. Kama hujawahi kusikia stili ikijibizana na ngoma zinazoongea, umekosa kitu.

Jina la kiwanda silitaji. Nitakachosema kuhusu hili ni la hili moja, lililopita mikononi mwa watu nisiowajua. Ni la shingo moja, nyuzi 10, tyuni ya E9 (mpangilio wa noti za nyuzi unaotumika sana kwenye kantri), pedali tatu na wenzo mmoja tu wa goti. Bodi ni mbao ya mepo (maple), nzito kwelikweli. Mtu akikuuzia na kukwambia "ni jepesi kubeba", muulize kama amewahi kulipandisha ngazi.

Twende chini ya gitaa, maana huko ndiko uchambuzi ulipo. Juu ni urembo.

Hapa mwisho, upande wa mkono wa kulia, panaitwa chenja. Kila uzi unapita juu ya kidole kimoja cha alumini, na vidole vyote 10 vimevikwa kwenye ekseli moja. Ukikanyaga pedali, shafti inazunguka, kikono kinavuta fimbo ndefu, fimbo inavuta kidole, uzi unakazwa. Kushusha ni kinyume chake: kidole kinaachiwa kilegee, na ukiondoa goti springi inakirudisha mpaka kigote. Vyote hivyo vinasuguana, tangu miaka ya 1970. Na kila aliyelimiliki alipoona pedali inakuwa ngumu, alifanya nini? Alipaka grisi. Grisi ikanasa vumbi, vumbi likawa uji, uji ukakauka.

Mimi, nawaambia ukweli, nilikuwa nimeshaanza kutafuta chenja mpya. Nilikuwa nimeamua kabisa kwamba vidole vimelika. Kilichoniokoa ni uvivu. Kufungua chenja yote ni kazi ya siku nzima, nikasema acha nioshe kwanza nione. Nikalaza gitaa, nikatandika matambara, nikachukua nafta, yale mafuta mepesi ya kujazia viberiti vya utambi. Fungua madirisha, na asiwepo mvuta sigara karibu. Nikatiririsha kidogo kidogo huku nikikanyaga pedali kwa mkono. Yaliyotoka pale yalikuwa meusi kama masizi ya sufuria. Nikarudia mara nne, mpaka yakatoka meupe. Nikaacha yakauke, nikaweka tone moja la oili ya cherehani kila penye kuzunguka. Tone moja. Ukimwaga, unaanza upya safari ile ile ya vumbi.

Nyuzi mbili kati ya zile tatu zikapona palepale. Uzi wa 5 ukakataa. Hapo nikaangalia zile nati za nailoni zilizo mwisho wa fimbo, ndizo unazotyunia pedali. Nati ya uzi wa 5 ilikuwa imekazwa mno, fimbo haina hata nafasi ya kupumua, kwa hiyo kidole hakiwezi kurudi mpaka mwisho hata kikitaka. Fimbo lazima iwe na mchezo kidogo pedali ikiwa juu. Nikalegeza, nikarekebisha kituo cha pedali, pale inapogota ikikanyagwa, ili uzi uendelee kufika C shapu, kwisha. Chenja mpya ya nini?

Uzi wa 3 ulikuwa na ugonjwa mwingine: kukatika. Huu ni mwembamba kuliko wote, 0.011 ya inchi, na uko kwenye mvuto mkubwa, kwa hiyo kukatika kwake ni jambo la kawaida kwa kila mpiga stili. Lakini kila baada ya saa mbili? Ukipitisha kucha juu ya kidole chake unahisi mfereji, uzi umejichimbia. Msasa laini sana, namba 600 kisha 1500, kufuata mkunjo wa kidole, halafu dawa ya kung'arisha chuma. Usitumie tupa, nakuomba. Ukibadilisha umbo la ule mkunjo, uzi utaanza kuzomea kama nzi kwenye chupa.

Kikono kimoja kilikuwa kimevunjika. Ni vya zinki ya kumimina, aina inayopasuka bila kutoa taarifa. Nilichongewa cha alumini, kikakaa. Tusonge.

Pikapu, si ile ya kubebea mizigo, hii ya kunasa sauti, sikuibadilisha. Najua wengine mtaniandikia. Inavuma kidogo ukikaa karibu na transfoma, basi. Nililehemu waya mmoja uliooza na kubadilisha poti (kile kidude kinachopunguza na kuongeza sauti) ya pedali ya volyumu, ya kilo-omu 500, iliyokuwa ikikwaruza. Watu hukimbilia pikapu kwa sababu ni rahisi kubadilisha, halafu wanashangaa gitaa bado halitunzi tyuni.

Sasa marekebisho niliyoyaongeza kwa makusudi: nyenzo mbili za goti. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo gitaa hili lilipobadilika.

Lilivyokuja lilikuwa na wenzo wa kushusha nyuzi za E kwenda D shapu tu. Ni mzuri, ukiwa kwenye kodi ya E (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja) unapata ya B palepale bila kusogeza mkono. Lakini liliukosa ule wa kupandisha E kwenda F. Angalia: kodi ya E unaipata freti 0, yaani nyuzi wazi, bila pedali. Ukikanyaga pedali ya A na ya B pamoja (ya kwanza na ya pili kutoka kushoto; ya tatu ni C), kodi ile ile iko freti ya 7. Kati ya 0 na 7 ni mbali, ni kuruka mto. Sasa kanyaga A peke yake na usukume wenzo wa F: kodi ile ile iko freti ya 3. Tatu, saba, kumi na mbili. Mto umewekewa mawe ya kukanyagia. Wenzo wa pili ni wa kushusha uzi wa 2, D shapu kwenda D, kisha C shapu.

Kazi yenyewe si ya kutisha, ila inadai utulivu. Niliweka kiti changu cha kawaida, nikakaa, nikaweka alama goti linapofika lenyewe bila kujinyoosha. Kisha nikabandika utepe kwenye ncha ya drili kuonyesha mwisho wa kina, maana mbao hii ukiitoboa mpaka juu hakuna gundi itakayokufariji. Tatizo lilikuwa fimbo: mpya ilipita na kugusa shafti ya pedali ya C, ikawa inalia. Ikabidi nihamishe kikono. Na chagueni tundu la kikono kwa akili. Tundu la mbali na shafti linavuta haraka lakini linakuwa gumu, la karibu ni laini lakini inabidi goti lisafiri zaidi. Nilianza na la mbali. Baada ya nusu saa goti lilikuwa linatetemeka, nikahamia la katikati.

Kitu ambacho sijakiponya kabisa: nikikanyaga A na B pamoja, uzi wa 4, ambao pedali hizo haziugusi, unashuka kidogo. Bodi inajikunja chini ya mvuto. Karibu kila gitaa la aina hii lina kiasi fulani. Hili lilishuka senti 9, sasa linashuka 4 (si za pesa, senti 100 ni nusu toni). Nilichofanya ni kukaza mabamba ya pembeni. Skrubu mbili zilikuwa zinazunguka bure, nikajaza matundu kwa vijiti vya kuchokolea meno na gundi ya mbao, nikangoja usiku mzima, nikakaza.

Na tafadhali, kama kodi inasikika chachu baada ya kutyuni kila kitu kwenye kipimo kikasoma sifuri, usililaumu gitaa. Nyuzi za G shapu zishushe kama senti 14 chini ya sifuri, sikio litakubali.

Ningelinunua tena? Ndiyo, lakini ningelilaza chali mbele ya muuzaji. Nakanyaga kila pedali huku nimeshika kipimo cha tyuni, naangalia nyufa kwenye vikono, nahesabu fimbo. Kutu ya juu hainisumbui. Fimbo zilizopindwa na fundi mwenye hasira zinanisumbua. Kama ndiyo stili yako ya kwanza na hupendi kushika spana, chukua jipya, hili litakukosesha raha.

Mpangilio wangu wa pedali ni A, B, C kutoka kushoto, ule wa mpiga stili Buddy Emmons. Wa Jimmy Day, mpiga stili mwenzake, ni kinyume, C, B, A, kwa hiyo ukinunua la mkononi uliza kwanza, nimewahi kukanyaga moja nikadhani limerogwa. Haya, ngoja nivute kiti. Uzi wa 5 ule ule, pedali ile ile. Nakanyaga. Naachia.