Les Vieux Clos ya familia ya Joly: ifungue leo, mnywe kesho

Ukibahatika kupata chupa ya Les Vieux Clos, mvinyo mweupe wa Ufaransa, toa kizibo leo, kirudishie bila kukikandamiza, iweke mahali penye ubaridi, halafu mnywe kesho jioni. Familia inayoutengeneza mvinyo huu yenyewe inashauri ufunguliwe siku moja kabla, na baada ya kuunywa hapa Mwanza nasema ushauri huo ni nusu ya thamani ya chupa.

Mdogo wangu anasoma Angers, Ufaransa. Savennières, kijiji lilipo shamba hili, ni jirani tu na hapo, kando ya mto Loire. Alipokuja likizo akazileta chupa mbili katikati ya nguo, zimeviringishwa kwenye kitenge. Tulizilaza chumba cha nyuma, juu ya sakafu ya saruji, maana joto la mchana la huku Bwiru likishaingia kwenye chupa hakuna mkulima atakayeuokoa mvinyo uliomo.

Wenye shamba ni familia ya Joly. Nicolas Joly alifanya kazi ya benki New York kabla ya kurudi nyumbani miaka ya 1970 kuliangalia shamba la familia. Tangu 1984 shamba zima linalimwa kwa bayodainamiki, aina ya kilimo hai nitakayoieleza hapa chini, na siku hizi binti yake, Virginie, ndiye ameshika usukani. Kipande chao maarufu ni Coulée de Serrant, hekta 7 hivi za mteremko ambao inaelezwa kwamba watawa waliupanda mizabibu mwaka 1130. Les Vieux Clos inatoka kwenye vipande vyao vingine vya hapohapo Savennières na bei yake ni ya chini zaidi. Zabibu ni aina moja tu, Chenin Blanc.

Kuhusu hiyo bayodainamiki: ilianzia kwenye mihadhara ya mwanafalsafa Rudolf Steiner mwaka 1924 huko Koberwitz, ambako leo ni Poland. Mifugo, nyasi, wadudu na mizabibu vinatazamwa kama mwili mmoja, na mbolea za chumvichumvi na dawa za kuua magugu hazigusi ardhi. Kinachowashangaza wengi ni pembe. Samadi inashindiliwa ndani ya pembe ya ng'ombe, inafukiwa kabla ya baridi kali kuanza, na inafukuliwa mizabibu inapokaribia kuchipua tena. Kufikia hapo imekuwa nyeusi na laini, harufu ya zizi imeisha. Kiasi kidogo kinakorogwa kwenye maji kwa saa nzima, upande huu kisha upande ule, halafu kinanyunyizwa shambani. Baba, aliyekulia Magu akichunga ng'ombe, alisikiliza yote hayo kwa utulivu kisha akasema, "Samadi naielewa vizuri. Pembe waje wanieleze wao."

Mimi niko upande wa baba. Sayansi haijathibitisha kwamba pembe, au kupanga kazi za shamba kwa kalenda ya mwezi wa angani, kunaongeza chochote juu ya kilimo hai cha kawaida. Ninachokithamini ni uangalizi. Anayelima kwa utaratibu huu hawezi kulisimamia shamba kwa simu. Zabibu zenyewe zinachumwa kwa mkono, wachumaji wakirudi mara kadhaa kwenye mistari ileile na kuchukua zilizoiva tu, wakiziacha nyingine zisubiri. Kazi hiyo unaisikia mdomoni.

Jioni ya kwanza tulionja kidogo tu. Rangi ni dhahabu iliyokolea, na uchachu ulikuwa mkali hadi mate yanajaa, lakini harufu ilikuwa bado imejificha. Tukarudishia kizibo. Kesho yake baba mdogo akatuletea sato kutoka Mwaloni Kirumba, wakubwa, mashavu bado mekundu. Tukawachanja, tukawapaka chumvi na ndimu, tukawachoma kwa mkaa. Chupa nayo ilikuwa imebadilika kabisa: asali, ganda la tofaa, kisha chini yake ile harufu ya majabali ya Capri Point mvua ikishakatika. Shangazi, ambaye amezoea mvinyo mtamu, alinusa, akanywa, akanusa tena.

"Mbona unanukia asali halafu sukari hamna?"

"Sukari imeliwa na chachu, shangazi. Ndiyo maana kilevi kimepanda."

Kimepanda kweli, asilimia 14 na ushei, kwa hiyo mimina kidogo kidogo. Pale uchachu ule unapokutana na ngozi ya sato iliyoungua na mafuta yake, mdomo unakuwa safi na unataka tonge lingine. Shangazi aliongezewa. Ila usiunywe ukiwa umetoka moja kwa moja kwenye friji, maana ubaridi mwingi unaua harufu yote niliyoieleza. Toa chupa mapema, iache mezani kwanza.

Hawaongezi chachu ya dukani, mvinyo unachachuka kwa chachu iliyokuja na zabibu zenyewe kutoka shambani. Mwenye matatizo na salfaiti, kihifadhi cha mvinyo, asome lebo hata hivyo, kwa sababu kilimo hiki hakimaanishi kwamba salfaiti haimo. Sheria ya Ulaya inataka iandikwe ikizidi miligramu 10 kwa lita.

Kilichonikaa kichwani zaidi ni Dodoma. Chenin Blanc hii hii inalimwa kule, na mizabibu ya Dodoma inavunwa mara mbili kwa mwaka wakati ya Loire inavunwa mara moja na kulala baridi nzima. Samadi tunayo, kuanzia Ugogoni hadi huku Usukumani. Natamani sana familia moja yenye ekari chache ijaribu: ichume zilizoiva tu, iiache sukari iliwe hadi iishe, isiwe na haraka ya kuuza. Chupa kama hiyo ningeinunua bila kuuliza bei mara mbili, na sato wapo.

Bei ya hii ya Joly ndiyo kikwazo. Mdogo wangu aliilipia pesa ambayo kwetu inapita shilingi laki moja kwa chupa, kwa hiyo si ya sherehe ya watu wengi. Ni ya watu wachache wenye samaki mzuri na jioni mbili za kukaa pamoja. Ukimwagiza mtu, mwambie aiweke kwenye begi linaloingia chini ya ndege, kwa sababu kwenye mzigo wa mkononi inaweza kuzuiwa kwenye ukaguzi, na ikifika Mwanza muiache itulie kwanza kabla ya kuifungua.