Nimelipia vipimo vya mifuko ya dagaa, nikaambiwa "hatufundishi"

Nafungasha dagaa wa Ziwa Tanganyika hapa Kibirizi, Kigoma, wale waliokaushwa juani, nawapeleka Dar. Masika yaliyopita wateja wakaanza kulalamika: dagaa wakavu kabisa, ukimkunja anakatika, lakini tumbo limegeuka njano na ukitafuna koo linawasha. Nikasema safari hii simsikilizi muuza vifungashio. Nalipa maabara wanipimie mifuko: mvuke wa maji unapenya kiasi gani, na oksijeni kiasi gani. Vipimo viwili, na vyote nikavilipia mapema.

Karatasi iliyorudi sasa! Mstari mmoja wa mvuke, namba, gramu kwa mita ya mraba kwa siku, basi. Wamepima kwenye joto gani? Unyevu wa hewa kiasi gani? Plastiki ina unene gani? Hakuna. Mfuko uleule ukiupima kwenye nyuzi 23 na ukiupima kwenye nyuzi 38 hutapata namba moja, na mzigo wangu unashinda kwenye behewa la bati. Namba isiyo na joto nitaifanyia nini? Kwenye oksijeni wamechora kistari.

Nikapiga simu. Mwanamume aliyepokea, hata salamu hakuitikia vizuri: "Mama, sisi tunapima, hatufundishi." Nikamuuliza kile kistari. Akajibu, "Plastiki ikizuia maji inazuia na hewa. Plastiki ni plastiki." Akakata.

Jamani! Polithini nyembamba inazuia mvuke vizuri tu, ila oksijeni inaiachia ipite kwa maelfu ya sentimita za ujazo kwa kila mita ya mraba kwa siku. Nailoni inaibana oksijeni, mvuke ndio inaouachia. Ndiyo maana dagaa wangu wanabaki wakavu huku oksijeni inayaharibu mafuta yao! Mkemia Thomas Graham alishaeleza tangu mwaka 1866 kwamba gesi haitafuti matundu kwenye mpira. Inayeyukia ndani yake kwanza, kisha inatokea upande wa pili, na kila gesi ina mwendo wake. Leo mtu anakula mshahara wa maabara ananiambia plastiki ni plastiki.

Nilitaka kuandika msiende kabisa. Lakini haki yake mtu apewe. Jioni moja fundi wao, kijana mdogo, akanitumia ujumbe, "Shikamoo mama, nimesikia umepiga simu," na picha za daftari lake. Kikombe cha aluminiamu, ndani kloridi ya kalsiamu ya kunyonya unyevu, juu kipande cha mfuko wangu, nta imezungushwa ukingoni hakuna mwanya. Uzito ameuandika kwa mkono siku baada ya siku. Siku za mwanzo amezipigia mstari, hakuzihesabu, kasubiri mpaka uzito uwe unaongezeka kwa mwendo mmoja. Joto lipo, 38. Unyevu upo, asilimia 90. Hata unene kaupima sehemu kadhaa za mfuko. Ni kazi safi, na namba yake ya mvuke naiamini kabisa.

Ila ndipo nilipozidi kukasirika. Kumbe kila nilichouliza kilikuwa kwenye daftari, mtu wa mbele kashindwa tu kukihamishia kwenye karatasi niliyoilipia! Na oksijeni? Kijana kaniambia wazi kwamba mashine ya kuipimia hawana. Hawana, na risiti ya oksijeni ninayo mkononi.

Kwa mvuke wapelekeeni, hapo sina neno, ila salio msilimalize kabla hamjaona picha ya daftari, na ongeeni na fundi mwenyewe. Kwa oksijeni msiwape hata shilingi. Mimi hela yangu hawajarudisha mpaka sasa naandika, na simu zangu hawapokei.