Kikundi cha AA, ukumbi wa nyuma ya kanisa, Dar: nyota nne kati ya tano

Naona watu wanauliza kama vikundi vya AA (Alcoholics Anonymous), vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe, vipo kweli hapa Dar au ni mambo ya kwenye filamu. Vipo. Mimi huu ni mwezi wa saba tangu nianze kwenda, kila Jumanne saa 12 jioni. Mtaa sitautaja, mtanielewa.

Nyota moja nimeikata kwenye kukipata. Namba ya kwanza niliyopewa haikupokelewa wiki nzima. Ya pili alipokea mzee mmoja, akasema wamehama, nenda mahali fulani, ukifika muulize mlinzi. Nikafika. Mlinzi hana habari. "Walevi? Mama, hapa ni kanisani!" Kwa sauti hiyo mpaka muuza mihogo wa ng'ambo akageuka. Nikarudi kwenye bajaji ileile iliyonileta, na usiku huo nilikunywa kwelikweli. Wiki iliyofuata nikazunguka mwenyewe, nikakuta karatasi imebandikwa mlango wa nyuma, herufi mbili tu: AA. Wenyewe wanaingilia huko, mlinzi wa mbele atawajulia wapi?

Mjue mimi ni Mwislamu, nauza nyuzi, zipu na vifungo Kariakoo. Baa sijawahi kukanyaga, nilikuwa namtuma kijana. Enzi za viroba, ile pombe kali ya vipakiti, ilikuwa raha, kipakiti kinalala ndani ya pochi ya hela. Vilipopigwa marufuku Machi 2017 nikahamia kwenye chupa ndogo, namimina kwenye chupa ya chai, nauza zipu huku nakunywa "chai". Kwa hiyo jioni ile kilichonitia hofu ni kuonekana naingia kanisani.

Ndani kuna viti vya plastiki, feni moja inayolia, na birika la chai ya rangi yenye tangawizi ya kutosha. Hakuna fomu wala kiingilio. Mwishoni kikapu kinapita, mwenye nacho anatia, na mgeni hadaiwi kitu. Fedha za nje hawapokei, huo ni utaratibu wao popote walipo. Mambo haya yalianzia Akron, Ohio, Marekani, mwaka 1935: dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, walevi wote wawili, wakaona wakikaa kuzungumza wao kwa wao siku inapita bila kunywa. Sharti ni moja, uwe unataka kuacha. Nilipoulizwa jina nikasema Zuhura. Si langu. Mpaka leo pale ndiye Zuhura, na nikiitwa naitika upesi kuliko nikiitwa la kwetu.

Sasa kinachonirudisha. Mtu akizungumza, hakuna anayemkatiza. Hakuna "pole dada, lakini ungefanya hivi". Watu wazima wa mjini hapa wanasikiliza dakika tano nzima bila kutia neno! Mimi mawaidha nimelishwa na shangazi, na mume, na ustadhi, nikitoka hapo nakunywa ili niyasahau. Pale sikuambiwa niache. Baba mmoja alieleza yake tu: kila Kwaresima alikuwa anaacha siku 40, basi anajipiga kifua kwamba yeye si mlevi, mlevi gani anaacha siku 40? Jumatatu ya Pasaka anaokotwa mtaroni. Nikacheka peke yangu kwa sauti, nikaona haya. Mimi miaka kumi na moja najitetea kwa Ramadhani. Idi mosi, wageni wakishaondoka, nafunga mlango wa stoo.

Ramadhani ya mwisho ndiyo iliyonivua nguo. Siku ya tatu mikono ilitetemeka hata kutunga uzi kwenye sindano siwezi, mteja anasubiri. Mkifika hapo msijaribu kuacha ghafla peke yenu nyumbani. Daktari aliniambia mtu aliyezoea kunywa kila siku anaweza kupata degedege, hata kufa. Alinipa dawa za siku chache kwa uangalizi, na yeye ndiye aliyenitajia kikundi. Kikundi si hospitali, na wenyewe hawajifanyi hivyo.

Kasoro nyingine zipo. Usomaji wa mwanzo ni wa Kiingereza, halafu mtu anatafsiri papo hapo, kila wiki zile hatua 12 za AA za kuacha pombe zinatoka na maneno mapya. Wanawake tuko wawili, na mwenzangu haji mvua ikinyesha. Kuhusu dini, wanamtaja Mungu "kama kila mtu amjuavyo", sijaona anayevutwa kubatizwa. Magharibi ikiingia natoka, naswalia chini ya mwembe, nikirudi nakuta kiti changu hakijakaliwa na chai yangu imefunikwa kisahani.

Nilijaribu pia cha mtandaoni cha Nairobi, maana wao wanavyo vingi. Sheng ikanishinda, bando likaisha.

Ukija, pita mlango wa nyuma, usimuulize mtu. Na vaa mikono mirefu, mbu wa ule ukumbi hawana adabu kabisa.